Ufunguo Kwenye Msumari

Nilikuwa na miaka 12 siku mathe aliposhuka kwenye matatu Juja Road, mahali ambapo hapakuwa steji. Tulikuwa tunatoka Gikomba. Mimi nimebeba mfuko wa sweta za watoto zilizobaki, yeye amekaa dirishani, mikono ameikunja juu ya tumbo kama mtu anayesikia baridi. Jam ilikuwa imekaza. Alimwomba makanga amshushe. Makanga akamwambia, mathe, karao wako hapo mbele, ngoja tufike Huruma. Akaomba tena, safari hii kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikimtoka, kisha akainuka, akafungua mlango mwenyewe na kushuka katikati ya magari. Jamaa mmoja kiti cha nyuma akasema, "Hawa wamama na kususu!" Gari zima likacheka.

Mimi sikushuka. Niligeukia upande wa pili kama msichana anayesafiri peke yake, na nikashukia Dandora Phase 2 na mfuko wangu. Mathe alifika saa mbili baadaye, kwa miguu. Leso ambayo asubuhi ilikuwa mabegani sasa ilikuwa kiunoni, imefungwa juu ya sketi. Aliniuliza kama nimepika. Hatukulizungumzia jambo hilo tena kwa miaka 17.

Ninachotaka kuandika hapa ni historia ya kibofu cha mkojo cha mwanamke wa Eastlands. Najua hiyo sentensi inavyosikika. Eastlands tumeshaandikiwa historia ya siasa, ya mpira, ya muziki na ya matatu zenye michoro. Tunaambiwa habari za Kaloleni Social Hall na mikutano iliyojaa humo wakati wa mkoloni, nani alisimama, nani alipigiwa makofi. Hatuambiwi waliokuwa wakichemsha chai ya mikutano hiyo walijisaidia wapi, saa ngapi, na walijibana kwa muda gani kabla ya kufika hapo. Mimi mwenyewe nisingeuliza, kama si mwaka 2022 mwili wangu kuanza kuuliza kwa niaba yangu.

Ilianza kama kitu unachokijua. Moto wakati wa kukojoa, haja kila nusu saa, ukienda yanatoka matone tu. Nikaenda duka la dawa hapa Umoja, nikamwambia yule kijana "UTI", akanipa dawa za siku 5 bila kuuliza zaidi. Ikatulia kidogo, ikarudi. Mwaka huo nilizinunua mara 7. Katikati ya mizunguko hiyo likaja la pili: maumivu mazito chini ya kitovu, yanayoshuka hadi kwenye kinena na mapaja, yanayokaa wiki hata wakati si siku zangu. Nilipimwa mkojo katika zahanati tatu tofauti, na mara nyingi jibu lilikuwa moja, kwamba mkojo ni safi. Daktari mmoja, kijana mpole kabisa, akaniambia nipunguze mawazo. Mwingine akasema nikizaa itaisha.

Usiku nikihesabu safari zangu za choo, nilianza kukumbuka mathe anavyotembea nyumbani usiku. Na nyuma ya mathe, dani.

Dani, nyanya yangu, alishuka treni Nairobi mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 18. Mumewe alikuwa fundi wa reli na walimpa chumba Muthurwa, kwenye zile landi. Hilo neno ndilo lililobaki kwenye jina la Landimawe, kwa hiyo ukipita huko kumbuka kwamba unataja nyumba za vibarua kila unapolipa nauli. Landi ilikuwa mstari wa vyumba, kila familia chumba kimoja, jiko nje, na vyoo vya pamoja katika jengo lao mbali kidogo na milango. Kwa kijana aliyetoka zamu karakana, mpango huo haukuwa shida kubwa. Shida ni kwamba dani hakuwemo kwenye mpango.

Na hapa sisemi kwa uchungu tu, ndivyo mji ulivyojengwa. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na kwa miongo mingi serikali ilimwona Mwafrika mjini kama mfanyakazi wa kiume aliye safarini: amekuja, atafanya kazi, atarudi ocha. Kipande kilichoanza kutolewa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kilining'inia shingoni mwa wanaume. Nyumba nazo zilifuata hesabu hiyo hiyo. Kariokor, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na kubeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita, ilikuwa mabweni. Vitabu vya kanjo havikuhesabu familia, vilihesabu vitanda. Mtu mmoja, nafasi ya kitanda kimoja. Ni mwaka 1954 tu, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilisema waziwazi kwamba mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa umepimwa kwa mwanamume asiye na mke, na kwamba hauwezi kulea familia. Kwa hiyo dani alipofika miaka mitatu baadaye, mji ulikuwa ndio kwanza umekubali kwenye karatasi kwamba watu kama yeye wapo. Vyoo vilikuwa vile vile.

Kuna riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, *Coming to Birth*, ya 1986. Paulina anafika Nairobi mwaka 1956 akiwa na miaka 16 kumfuata mume Pumwani, mimba inaharibika, anatoka hospitalini na kupotea njia ya kurudi nyumbani. Niliisoma chuoni kama hadithi ya uhuru wa nchi, maana ndivyo tulivyofundishwa. Nikiisoma sasa namwona msichana anayetembea mji mzima na maumivu ya nyonga na hana mahali pa kuketi.

Dani alikuwa na kanuni yake na aliisema kwa fahari: mkojo una saa zake kama treni. Treni ya kwanza ilikuwa alfajiri, kabla wanaume wa zamu hawajaamka. Ya pili ilikuwa baada ya giza kuingia, na hiyo ilikuwa ya kikundi, wanawake watatu au wanne wakisindikizana, mmoja amesimama mlangoni. Usiku wa manane kulikuwa na chungu. Mchana hapakuwa na treni. Ulikuwa ukijibana. Nilipokuwa mdogo na kumsumbua njiani nikitaka kususu, aliniambia, "Nyakwara, mwanamke asiyeweza kujizuia bado ni mtoto." Hakunionea. Alikuwa akinipa ujuzi, kama vile alivyonifundisha kuparua samaki.

Alilalamika tumbo la chini maisha yake yote. Neno alilotumia kwa Kijaluo lilimaanisha tu "tumbo", na sisi tulimnunulia dawa za minyoo.

*

Ukitoka Muthurwa kuelekea Gikomba, ukivuka, unaingia Pumwani. Hii ndiyo lokesheni ya kwanza iliyopangwa na manispaa kwa ajili ya Waafrika, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya vijiji vya kale vya Waafrika kuanza kubomolewa. Cha mwisho kikubwa kilikuwa Pangani, kilichovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake ndio waliosogezwa Shauri Moyo. Katika Pumwani kuna taasisi mbili ambazo nimeziwaza sana, kwa sababu kati yake naona maswali yote mawili ambayo mji huu umewahi kuuliza kuhusu nyonga ya mwanamke wa Eastlands.

Ya kwanza ni hospitali ya kujifungulia. Ilianza 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mke wa gavana, na leo ni Pumwani Maternity. Watu wangapi wa Nairobi wamezaliwa pale hakuna haja ya kuhesabu, uliza tu meza unayokaa. Mimi ni mmojawapo, 1994. Swali la hospitali hiyo ni la halali na ni kubwa: je, atazaa salama?

Ya pili ni kliniki ndogo ya Majengo. Wanawake wa Pumwani na Pangani walikuwa wakifanya biashara ya ngono tangu zamani za mkoloni. Mwanahistoria Luise White aliwasikiliza wazee wao miaka ya 1970 na mwaka 1990 akachapisha kitabu kizima, akionyesha jinsi pesa hizo zilivyojenga nyumba, zilivyosaidia mashamba ya ocha, na jinsi wanawake hao walivyokuja kuwa wenye nyumba mjini wakati sheria iliwaona kama wapita njia. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kufanya kazi nao kuhusu magonjwa ya zinaa. Mwaka 1986 jarida la *New England Journal of Medicine* lilitangaza kwamba kati ya wanawake wa kipato cha chini waliopimwa katika biashara hiyo Nairobi, asilimia 66 walikuwa na virusi vya ukimwi. Dunia ikajua Majengo. Baadaye ikashangaa zaidi, kwa sababu wachache wao hawakuambukizwa licha ya miaka mingi ya hatari, na damu yao ikawa tumaini la chanjo.

Sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani. Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyepanda hadi kuwa profesa, alikaa na wale akina mama mitaani na kondomu na maneno ya heshima wakati wengine walikuwa wakiwaita hifadhi ya ugonjwa. Kisonono na klamidia zikitibiwa mapema huzuia uvimbe wa nyonga, na uvimbe huo ni mlango mmoja mkubwa wa maumivu sugu. Kazi hiyo iliokoa watu. Lakini swali lililoleta pesa za utafiti lilikuwa: je, atamwambukiza nani?

Atazaa? Ataambukiza? Mathe ameingia zahanati nyingi maishani, na anasema hakuwahi kuulizwa swali la tatu popote. Hakuna aliyemuuliza: unakojoa mara ngapi, na je, inauma?

*

Sasa nije Dandora, maana huko ndiko nilikokulia na huko ndiko mambo yangeweza kwenda tofauti.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilitia sahihi mradi ambao kwa wakati wake ulikuwa wa ajabu. Badala ya kujenga nyumba nzima, wangegawa ploti karibu 6,000, kila moja ikiwa na maji, mfereji wa maji taka, na kijumba cha choo na bafu tayari kimesimama. Vyumba vingine mwenyewe angejenga polepole kadiri ya uwezo. Fikiria hiyo kidogo. Ploti tupu, udongo mtupu, na katikati ya utupu huo, choo cha kuvuta maji chenye mlango. Kwa mara ya kwanza katika historia ya upande huu wa mji, mtu alianza kuchora nyumba ya maskini kutoka chooni. Aliyepanga vile, sijui kama alimfikiria mwanamke, lakini kwa bahati au kwa akili alifika mahali sahihi. (Dampo ilikuja miaka hiyo hiyo, kwa hivyo tusisherehekee sana.)

Kilichofuata ni hesabu ya kodi. Mwenye ploti alijenga vyumba viwili, akakodisha kimoja, akaona faida, akajenga vingine hadi ukutani, kisha juu. Wapangaji wakaongezeka na choo kikabaki kile kile. Ploti yetu ilikuwa na vyumba 14, choo kimoja, bafu moja. Mwenyewe aliishi mbali, alikuja mwisho wa mwezi.

Choo kilifungwa kwa kufuli ili watu wa ploti jirani wasiingie. Ufunguo ulikaa kwenye msumari mlangoni kwa Mama Brayo, chumba cha kwanza, ukiwa umefungwa kwenye kipande cha pata pata ili usipotee. Kwa hiyo kila safari yako ya choo ilipita mbele ya watu. Ungechukua ufunguo, waliokaa pale wakifua au wakichambua sukuma wangeona. Ungechukua tena baada ya dakika 20, wangeangaliana. Mwanamke anayekojoa sana ana ugonjwa, na ugonjwa wa huko chini, kwa maoni ya ploti, unatoka mahali pamoja tu. Baba yangu aliwahi kumuuliza mathe swali hilo mbele yetu. Sitaliandika. Wanaume wa ploti hawakuhitaji ufunguo. Walikuwa na ukuta.

Maji yakipotea, siku tatu au wiki, choo kilifungwa kabisa kwa amri ya keateka. Usiku geti lilikuwa na kufuli lake na korido haikuwa na taa. Amnesty International ilipochapisha ripoti Julai 2010 kuhusu wanawake wa Kibera, Mathare, Mukuru na Korogocho, ikieleza jinsi safari ya choo usiku ilivyokuwa safari ya kubakwa, nilikuwa sekondari, na nakumbuka nikishangaa kwamba kitu kama hicho ni habari. Korogocho tunaitazama kutoka Dandora. Tulikuwa na kopo chini ya kitanda, kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2, na mfuniko wake.

Mchana alikuwa Gikomba. Choo cha sokoni kilikuwa cha kulipia, shilingi 5. Mara nne ni 20, na 20 ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Mathe alipata suluhisho ambalo karibu kila mama wa soko analijua: usinywe kitu. Kikombe cha chai saa kumi na moja alfajiri, halafu hakuna maji hadi jioni. Alifanya hivyo miaka 19. Siku ile ya matatu alikuwa amekunywa soda, kwa sababu mteja alimnunulia na ingekuwa kumdharau kukataa.

*

Mtu aliyenisaidia mimi hatimaye alikuwa daktari wa wanawake aliyeniuliza hilo swali la tatu kabla hata sijakaa vizuri. Akanichorea kwenye karatasi. Kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho ni majirani wa ukuta mmoja, na neva zao huingia kwenye uti wa mgongo karibu mahali pamoja. Mmoja akiteseka muda mrefu, wengine huanza kupiga kelele. Ndiyo maana wanawake wengi wenye maumivu sugu ya nyonga wana shida za mkojo pia: haja ya ghafla, kwenda mara kwa mara, kuungua bila vijidudu, au kusimama chooni na mkojo usitoke. Chini ya vyote kuna misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa kama kitambaa cha machela. Misuli hiyo ikikazwa miaka na mikaka, inaweza kusahau kulegea, na kukazana kwenyewe kukawa maumivu. Hakuniambia kwamba kujibana ndiko kulikoniletea haya yote, na mimi pia sikuambii hivyo. Yangu yana sababu zaidi ya moja. Lakini alinituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na somo la kwanza lilikuwa kujifunza kuachilia. Nilishindwa wiki tatu. Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno.

Nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba wenye pesa na vyoo vya ndani hawakupona haraka kutuliko. Mwaka 1915 daktari Guy Hunner wa Baltimore, Marekani, alieleza vidonda fulani kwenye vibofu vya wanawake waliokuwa wakiteseka bila maelezo. Akaviita adimu. Neno hilo lilikaa: ukiambiwa ugonjwa ni adimu, hutautafuta. Mwaka 1956 Edward Kass wa Boston akaweka kipimo ambacho maabara nyingi zilikuja kukitumia, kwamba mkojo una maambukizi ukiwa na vijidudu 100,000 kwa mililita. Alikipata kwa kulinganisha wanawake wenye maambukizi makali ya figo na wanawake wasio na dalili. Ni 1982 ambapo Walter Stamm na wenzake walionyesha kwamba mwanamke mwenye dalili anaweza kuwa na maambukizi ya kweli hata vijidudu vikiwa 100 tu. Kwa hiyo "mkojo ni safi" inaweza kuwa na maana mbili: vijidudu vipo lakini havikufikia mstari wa mtu, au havipo kabisa na maumivu yanatoka kwingine. Haijawahi kuwa na maana ya tatu, kwamba huumwi.

Ingawa hiyo ya tatu ndiyo iliyopendwa. Kitabu kikubwa cha madaktari wa mkojo cha Marekani, toleo la 1978, bado kiliuweka ugonjwa huu wa kibofu kinachouma kwenye mlango wa magonjwa yanayotokana na akili. Vicki Ratner, mwanafunzi wa udaktari aliyeambiwa na daktari mmoja baada ya mwingine kwamba hana kitu, alijitafutia jibu maktabani mwenyewe, na 1984 akaanzisha chama cha wagonjwa. Yaani ilibidi mgonjwa awe karibu daktari ndipo aaminiwe. Mama wa Gikomba angeanzia wapi?

Kwetu sauti iliyovunja ukimya ilitoka kwenye redio. Njambi Koikai, Jahmby wa reggae, alisema hadharani kwamba ana endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye kibofu, utumbo, kwake hadi kifuani, mapafu yakawa yanaporomoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao, karibu milioni 190. Njambi alifanyiwa upasuaji mara nyingi, akaenda Atlanta 2018, akarudi, akaendelea kusema hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2024. Jioni ile nilikuwa kwa kinyozi Umoja nikimsubiri rafiki, na redio ikapiga reggae mfululizo. Vijana waliokuwa pale, mabuda wa mtaa kabisa, walikuwa wakibishana juu ya maana ya neno endometriosisi, na mmoja wao alilijua vizuri. Dadake anayo. Nilitoka nje nikalia kidogo, sio kwa ajili ya Njambi peke yake.

*

Nilimuuliza mathe mwaka 2023. Alikuwa amekuja kwangu kulala kwa sababu asubuhi alikuwa na safari. Nyumba yangu ni bedsita, ghorofa ya nne, lakini ina choo ndani, na hiyo ndiyo sababu nalipa kodi nisiyoiweza. Pipeline ningepata chumba kwa bei nafuu, ila ukiona zile korido ndefu, ghorofa saba nane, choo cha pamoja kila ghorofa, unajua ploti ya Dandora haikufa. Ilisimama wima tu.

Nilimwambia ninachougua. Nilimwambia kila kitu, na moto, na matone, na ile ya zaa itaisha. Alinyamaza akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Nyathina, nilidhani ni mimi tu." Nikamwambia, "Mama, siku ile Juja Road." Hakuuliza siku gani.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

"Nilikuwa na miaka 12."

"Ndiyo. Mtoto."

Akaniambia kwamba alipofika nyuma ya kituo cha mafuta, kijana wa pale alimwambia choo ni cha wafanyakazi. Akaniambia alivyotembea upande wa barabara usio na watu. Akaniambia, na hili ndilo sikulitarajia, kwamba alipoona sikushuka alifurahi, maana mfuko ulikuwa na sweta za shilingi 900 na angalau zingefika. Nimeahidi kumpeleka kwa yule daktari wangu. Tumeahirisha mara mbili kwa sababu ya pesa na mara moja kwa sababu alisema anaona aibu kuvua nguo mbele ya mtoto wa rika langu. Tarehe mpya ni mwezi ujao.

Usiku ule nilimsikia akiamka. Nilihesabu mara tano. Lakini sikusikia mlango wa choo, wala maji. Asubuhi alipokuwa akioga nilisogeza mkoba wake nipate kufagia, na chini ya leso nikaona kopo la mafuta la kilo 2, na mfuniko wake umekazwa. Choo kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye godoro lake.

Nilimwaga, nikaliosha kwa sabuni na maji ya moto, nikaliweka dirishani likauke kabla hajatoka.